Je, Wajua? Pacha wa Pili Ndiye Mkubwa

Je, wajua kwamba majina Kulwa na Doto hayabagui mvulana wala msichana? Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada ya pacha hao ni Shija. Waganda wao hutenganisha: wavulana ni Wasswa na Kato, wasichana Babirye na Nakato, kisha anafuata Kizza. Hata wazazi hupata jina jipya: baba anakuwa Ssalongo, mama Nnalongo.

Kwa Wayoruba wa Nigeria mambo yanageuka. Anayetoka kwanza ni Taiwo, yaani aliyetangulia kuuonja ulimwengu. Wa pili ni Kehinde, aliyekuja nyuma. Sasa mkubwa ni nani? Kehinde! Mapokeo yanasema ndiye aliyemtuma mwenzake atoke kuchungulia kama dunia inafaa, naye akabaki ndani akingoja habari. Mkubwa, kama tujuavyo, hatumwi.

Wajaluo nao huangalia saa na hali ya hewa: Otieno kazaliwa usiku, Ochieng jua likiwaka, Okoth mvua ikinyesha. Kwa wasichana wa Kijaluo ni Atieno, Achieng na Akoth. Waswahili nao wana Chausiku wao.

Waakan wa Ghana huangalia siku ya juma. Kofi ni wa Ijumaa, kwa hiyo Kofi Annan ni somo yake Juma wa mtaani kwenu. Tena jina halikudanganya: Annan alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa kweli. Kasheshe ipo kwa Kwame Nkrumah. Kwame ni wa Jumamosi, lakini padri aliyembatiza aliandika 21 Septemba 1909, na ukirudi kwenye kalenda utakuta hiyo ilikuwa Jumanne. Nkrumah mwenyewe alishikilia kuwa alizaliwa Jumamosi. Mimi niko upande wake. Padri hakuwepo siku ya uchungu.

Je, wajua kwamba Nyerere, kwa Kizanaki, ni viwavi? Jina lilikuwa la baba, Chifu Nyerere Burito, aliyezaliwa wakati wa baa la wadudu hao. Mwalimu yeye aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Julius lilikuja na ubatizo, mwaka 1943.

Vanessa ni jina la kutungwa. Mwandishi Jonathan Swift alilibuni katika karne ya 18 kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh: akachukua “Van” ya ukoo, akaibandika “Essa” ya Esther.

Kuna watu wasio na jina la ukoo kabisa, wala hawaoni pengo. Mwimbaji Björk wa Iceland ni Guðmundsdóttir, binti Guðmundur, basi. Na kitabu cha simu cha huko kilipangwa kwa majina ya kwanza. Ethiopia vilevile: ukimwita waziri mkuu Abiy Ahmed “Bwana Ahmed”, umemwita baba yake.

Kwingine, jina la ukoo limeletwa na serikali. Ufilipino, mwaka 1849, Gavana Narciso Clavería alisambaza orodha ya majina ili kila familia ichague lake. Orodha ilifuata alfabeti na kurasa zikagawanywa mji kwa mji, ndiyo maana kuna miji ambako hadi leo majina mengi ya ukoo huanza na herufi moja.

Uturuki ilipitisha sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934. Bunge likampa Rais Mustafa Kemal jina Atatürk, Baba wa Waturuki, kisha likapiga marufuku mtu mwingine yeyote kulitumia. Hata dada yake, Makbule, alijiandikisha Atadan.