Majibu ya damu: Kiwango cha 'kawaida' ni cha nani?

KABALAGALA, Kampala – Kando ya barabara ya Ggaba, katikati ya baa, mikahawa na vibanda vya rolex, kliniki za kupima damu hazikosekani. Wateja ni wengi: Waganda, Wakongo, Waethiopia, Waeritrea. Kila mmoja hupewa karatasi yenye namba yake na, pembeni, kiwango kinachoitwa cha kawaida. Namba ikitoka nje ya kiwango, hofu huanza. Ikiwa ndani, mtu hurudi nyumbani akijua ni mzima. Pengine hofu haina msingi, na pengine uzima huo si uzima.

Chukua kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja. Mbeba mizigo mwenye misuli mikubwa anaweza kuwa na kreatinini ya juu ilhali figo zake ni nzima. Bibi wa miaka 75 aliyekonda huzalisha kidogo, hivyo namba yake huonekana nzuri hata figo zikiwa zimechoka. Namba moja kwa kijana wa miaka 25 na kwa bibi huyo haina maana moja. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hesabu zinazotegemea kreatinini huzifanya figo zionekane zinafanya kazi vizuri kuliko hali halisi.

Urithi nao una nguvu. Waafrika wengi kusini mwa Sahara wana tofauti ya kinasaba cha Duffy, inayowakinga na aina moja ya malaria. Tofauti hiyo hupunguza idadi ya chembe nyeupe zinazopimwa, bila kumfanya mtu augue zaidi. Ethiopia wasio na tofauti hiyo ni wengi zaidi, hivyo majirani wawili wa Kabalagala wanaweza kuwa wazima wote na namba zao zikaachana.

Kwa kisukari hatari ni kubwa zaidi. Kipimo cha HbA1c hukadiria sukari ya miezi miwili hadi mitatu kwa kuangalia chembe nyekundu. Mtu aliyerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, chembe zake huishi muda mfupi, na kipimo husoma chini. Sukari inaweza kuwa juu na karatasi ikasema salama.

Dawa moja ni kuwa na viwango vya hapa kwetu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya watu wazima 2,105 wenye afya kutoka Kigali, Masaka, Entebbe, Nairobi, Kilifi na Lusaka. Ikilinganishwa na viwango vya Marekani, himoglobini na chembe nyeupe zilikuwa chini. Kati ya vipimo 25, vipimo 18 viliweza kupewa kiwango kimoja kwa vituo vyote. Msingi wa viwango vya pamoja Afrika Mashariki, basi, upo.

Mgonjwa naye ana la kufanya. Atunze majibu ya zamani na ayalinganishe na mapya, ikiwezekana kutoka maabara ileile. Amweleze daktari umri wake, uzito uliobadilika, na kama ukoo una selimundu au upungufu wa G6PD. Asinunue dawa kwa sababu ya namba moja tu.