Usukani Mzito: Tazama Kwanza Kabla ya Kununua Pampu

Pikapu kuukuu ibebayo mpunga na kakao ya Kyela hupanda kona nyingi kwenda Tukuyu, kisha hushuka kwa kona zile zile. Usukani ukiwa mzito, roho za watu zimo hatarini. Lakini usikimbilie kununua pampu; fuata utaratibu huu.

Kwanza, pima upepo wa matairi ya mbele. Ukipungua, usukani huwa mzito.

Pili, zima injini, fungua kopo la mafuta ya usukani. Yakipungua, tafuta yanapovujia. Yakiwa na povu, hewa imeingia. Usiongeze mafuta ya breki, maana huharibu mipira ya ndani.

Tatu, kagua mkanda unaozungusha pampu. Ukilia wakati wa kukata kona, umelegea au umechakaa.

Hayo yote yakiwa sawa, inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka vigingi imara chini ya chasisi, uzungushe usukani injini ikiwa imezimwa. Ukikwama mahali, kasoro imo katika viungo au giaboksi ya usukani. Ukizunguka sawasawa, ndipo fundi aipime pampu.

Mpaka gari litengenezwe, usipakie watu.