Mtaalamu Anayeuliza Kabla ya Kujibu

Tafuta habari za ufugaji wa samaki kwenye Facebook au TikTok uone: wataalamu ni wengi kuliko mabwawa. Kila mmoja ana video ya wavu uliojaa samaki na nambari ya M-Pesa chini yake. Kwetu Sagana jambo hili linakera zaidi, kwa kuwa kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki kipo hapa tangu 1948. Maarifa yapo. Aliyeadimika ni mtu wa kumfikishia mkulima wa Othaya au Mukurweini maarifa hayo siku ile samaki wake wanapokufa, na pengo hilo ndilo linalompa kijana aliyesomea kazi hii nafasi ya kujenga jina kwa simu yake.

Atajulikanaje basi, katikati ya kelele zile? Kwa maswali anayouliza kabla ya kujibu.

Chukua mfugaji wa Nyeri anayelalamika kwamba tilapia wake wana miezi minane na bado ni wadogo kama kiganja. Mchuuzi atamwambia abadilishe chakula, kisha atataja anachouza yeye. Mtaalamu atataka kujua bwawa liko wapi, maji yana joto gani alfajiri, vifaranga walitoka wapi, na wako wangapi kwa bwawa la ukubwa gani. Sagana iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mji wa Nyeri unapita 1,700, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyopoa. Tilapia hunawiri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hamu ya kula hupungua, chakula cha bei ghali kikaishia kuoza bwawani. Tena, madume na majike wakichanganyika huzaana mpaka bwawa likajaa vidagaa wanaogombea chakula kilekile, ndiyo sababu wafugaji hutafuta vifaranga madume watupu. Huko juu Kiganjo wanafuga trauti, samaki wa maji baridi, na hawakukosea. Ushauri unaomfaa mtu wa Mwea waweza kumfilisi wa Nyeri, na video moja huwafikia wote wawili kwa wakati mmoja.

Wakulima wa huku wameshaumwa na nyoka, hata ung'ongo wanauogopa. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa 2009 ulilenga mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140. Yalichimbwa, vifaranga wakatiwa, kisha mengi yakaachwa wenyewe walipolemewa na bei ya chakula na kukosa soko. Halafu ikaja homa ya kufuga kware ya 2013. Mayai yao yalisifiwa kutibu karibu kila ugonjwa, na mwaka uliofuata bei ikaporomoka. Waliofaidi zaidi ni waliowahi kuuza ndege wa mbegu, pamoja na ushauri. Mkulima aliyepitia hayo hasisimkwi na hesabu ya wafuasi. Anangoja aone kama msimu ujao mshauri wake bado atakuwepo.

Kwa hiyo, kijana uliyesomea kazi hii, onyesha bwawa lilelile tangu vifaranga wanapotiwa hadi mavuno, pamoja na risiti za chakula na idadi ya waliokufa. Rekodi samaki wanaotweta juu ya maji alfajiri, ueleze kinachotokea: mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huitumia, na mbolea ikizidi samaki hukosa hewa kabla ya mapambazuko. Mfugaji asilishe asubuhi hiyo. Aongeze maji safi. Kisha mfundishe kutumbukiza mkono: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, kijani kimezidi. Video hiyo haitapendwa kama ya wavu, ila itatumwa kutoka jirani hadi jirani.

Kuhusu mtandao upi, sioni haja ya mabishano marefu. TikTok huleta umati upesi na huuondoa upesi, WhatsApp ni ya wateja ulio nao, na Facebook bado ndiko mtu hurudi kutafuta alichosoma mwaka jana. Kikuyu kitakupa wazee wa Mathira. Kiswahili kitakufikisha hadi Busia.

Ukilipwa na kiwanda cha chakula au unauza vifaranga, litamke mwanzoni mwa video. Usiandike dawa kwa kutazama picha ya samaki mgonjwa. Na bwawa la mteja usilionyeshe pamoja na jina la kijiji bila idhini yake, maana wezi wa samaki nao wana simu.

Bado kuna malipo, ambayo wengi huona haya kuyataja. Swali la hadharani lijibu bure, hadharani, ili mwingine mwenye shida hiyo alikute. Safari ya kwenda bwawani itoze, nauli kando, na bei iandikwe mahali inapoonekana kabla ya mtu kupiga simu. Mkulima wa simu aliye Nairobi, mwenye shamba Kagio analoliona mara moja kwa mwezi, atakulipa bila kusita umkagulie vipimo vya maji na daftari la chakula, mradi umtumie picha zenye tarehe.