Kwa Nini Shafti ya Boti ya Kasi Hukatika: Funzo Kutoka Kalemie

Kati ya injini ya boti na maji yanayoipa mwendo pana kipande kimoja cha chuma kinachobeba nguvu yote, nacho ni shafti ya rafadha, yaani mhimili wa mviringo unaotoka kwenye injini, ukapenya sakafu ya boti na kuizungusha rafadha, ile pangaboi iliyo chini ya tezi. Katika meli ya mizigo shafti hutengenezwa nene kupita mahitaji, kwa kuwa uzito wake si hoja, lakini katika boti ya mashindano kila kilo huhesabiwa, na fundi hulazimika kuipunguza shafti mpaka ikaribie kikomo cha uwezo wake. Ndiyo maana historia ya boti za kasi ni historia pia ya shafti zilizokatika, na Kalemie, bandari ya jimbo la Tanganyika nchini Kongo, ina nafasi kubwa katika historia hiyo kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mji huo ulipokuwa ukiitwa Albertville na kushikwa na Wabelgiji karibu na mahali mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika, zilifikishwa hapo boti mbili za Jeshi la Majini la Uingereza, Mimi na Toutou, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12 hivi, mwili wa mbao za mahogani, na injini mbili za petroli zenye nguvu za farasi 100 kila moja, zilizozungusha rafadha mbili kwa shafti mbili. Kasi yake ilikadiriwa kufikia noti 19, ambazo ni takriban kilomita 35 kwa saa. Ziliundwa na kiwanda cha Thornycroft, nacho hakikuwa kigeni katika mashindano, kwa kuwa katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908, iliyojumuisha mbio za boti za injini, Thomas Thornycroft, mtoto wa mwanzilishi wake, alitwaa medali mbili za dhahabu pamoja na wenzake wawili katika boti iliyoitwa Gyrinus.

Safari ya boti hizo ilikuwa mtihani wa shafti kabla injini hazijawashwa ziwani. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, zikavutwa kwa mashine za mvuke, maksai na mikono ya mamia ya vibarua Waafrika kupita milima ya Mitumba, kisha zikashushwa katika mto Lualaba, ambako maji yalikuwa haba hata zikafungiwa mapipa matupu ili zielee juu zaidi. Shida hiyo inaeleweka vyema mtu akikumbuka kwamba rafadha na ncha ya shafti ndizo sehemu zilizo chini kabisa ya boti ya aina hiyo, hivyo ndizo zinazogonga mchanga na miamba kwanza. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, iliyokarabatiwa na kupewa jina la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi ziliizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, baada ya Mimi kutangulia kwa kasi na kuichelewesha mpaka Fifi ilipofika kwa mzinga wake mkubwa zaidi. Kasi iliyoamua pambano hilo ilipita yote katika shafti.

Nguvu inayoielemea shafti huanza na msokoto, yaani ile hali ya injini kuizungusha shafti upande mmoja huku maji yakiizuia rafadha upande mwingine. Kwa mfano wa hesabu, injini ya nguvu za farasi 100, sawa na kilowati 74.6, ikizunguka mara 1,000 kwa dakika hutoa msokoto wa karibu nyutoni-mita 712. Shafti ya unene wa milimita 38 ikibeba msokoto huo hupata mkazo wa takriban megapaskali 66 kwenye ngozi yake, ambapo megapaskali 1 ni nguvu ya nyutoni 1 juu ya milimita 1 ya mraba, lakini shafti ya milimita 25 hupata mkazo wa megapaskali 232, wakati chuma laini cha kawaida huanza kujisokota moja kwa moja kwenye megapaskali 140 hivi. Sababu ya tofauti hiyo kubwa ni kwamba nguvu ya shafti hukua kwa mchemraba wa unene wake: unene ukiongezeka mara 2, uwezo huongezeka mara 8. Ndiyo sababu waundaji wa boti za mashindano hawaongezi unene ovyo, bali hutafuta aloi ngumu, kama vile chuma cha pua kilichoimarishwa kwa joto au mchanganyiko wa nikeli na shaba, inayoweza kubeba mkazo mara kadhaa zaidi bila kuongeza uzito.

Hata hivyo, hesabu hiyo peke yake haielezi kwa nini shafti nyingi hukatika zikiwa katika mwendo wa kawaida, chini ya mzigo ambao zimeubeba kwa miezi. Jibu lilipatikana kwanza katika reli, pale Mjerumani August Wöhler, katika majaribio yake ya ekseli za mabehewa yaliyoendelea hadi mwaka 1870, alipothibitisha kwamba chuma huvunjika kwa mkazo mdogo sana ukirudiwa mara nyingi, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika mkononi. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Huanza kwa ufa usioonekana kwa macho, na mara nyingi huanzia penye kona kali: pale shafti inapopungua unene ghafla, penye mkwaruzo, penye kutu, au kwenye mfereji unaochongwa ubavuni mwake ili kushika kipande cha chuma kinachoizuia rafadha kuteleza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika shafti hakuna hata nafasi ya kuziba, kwa sababu ufa uliokwisha kuanza hautibiki ila kwa kubadilisha chuma chote.

Fundi mzoefu husoma chanzo cha ajali kwenye uso wa mahali palipokatika. Shafti iliyozidiwa mara moja, kwa mfano kwa kugonga gogo, ikiwa ya chuma kisicho kigumu kupita kiasi, hukatika karibu wima na kuacha uso wenye mistari iliyozungushwa, na pembeni yake huonekana dalili ya kusokotwa. Shafti iliyokufa kwa uchovu huwa na sehemu mbili: moja laini, yenye mistari ya upinde iliyofuatana kuanzia kona moja, ambayo ndiyo njia ya ufa siku baada ya siku, na nyingine yenye chembe za kukwaruza, ambayo ndiyo iliyosalia mpaka mwisho na kukatika kwa mara moja. Sehemu laini ikiwa kubwa, maana yake mzigo ulikuwa mdogo na ufa ulipata muda mrefu wa kusafiri. Kwa hiyo kuongeza unene si dawa kama kona iliyouzaa ufa haikuondolewa.

Boti ya mashindano huufikia uchovu huo upesi kuliko vyombo vingi. Zile zinazoruka juu ya maji hutumia rafadha ambayo nusu yake iko hewani, ili kupunguza msuguano, na kila bawa linapoingia majini hupiga kwa kishindo. Rafadha ya mabawa 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hupokea mapigo 12,000 kila dakika, hivyo hufikisha mapigo milioni 10, idadi inayotumiwa mara nyingi maabarani kupima ustahimilivu wa chuma, kwa muda usiozidi saa 14. Zaidi ya hayo, boti inaporuka wimbi rafadha hukosa maji, injini huongeza mizunguko kwa ghafla, na mabawa yanaporudi majini shafti hupigwa kwa nguvu inayopita hesabu ya injini. Nguvu hiyo hutoka katika flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye injini, ambalo haliwezi kusimama papo hapo, na hivyo hulazimisha shafti kumeza nishati yake yote.

Hapa ndipo unene unapoweza kugeuka hasara, kwa kuwa shafti ndefu na nyembamba ya chuma bora hujisokota kidogo kama springi na kulipoza pigo, wakati shafti nene na fupi hulihamisha pigo hilo hadi kwenye gia. Mjerumani Hermann Frahm alionyesha mwaka 1902 kwamba shafti za meli huwa na mtikisiko wake wa asili wa msokoto, na mapigo ya injini yakilingana na mtikisiko huo mkazo huongezeka mara nyingi. Kwa hiyo dereva anayedumu kwenye mzunguko mmoja unaotetemesha boti huichosha shafti hata kama hajafika kasi ya juu. Thornycroft wenyewe walikutana na kikomo kingine mwaka 1894 katika majaribio ya manowari Daring, ambako rafadha iliyozungushwa kwa nguvu kupita kiasi ilizua viputo kwenye maji na kupoteza msukumo. Mhandisi Charles Parsons naye, katika boti yake Turbinia, aliacha shafti 1 na kutumia 3, akafikia noti 34 na zaidi mwaka 1897. Kugawa nguvu katika shafti zaidi ya moja, kama ilivyokuwa kwa Mimi na Toutou, kulikuwa pia bima: moja ikikatika, boti hurudi bandarini kwa nyingine.

Boti za mbao zina adui wa ziada, nao ni mwili unaojikunja. Mbao zilizokaa juani hukauka na kubadili umbo, na zikirudi majini huvimba, hivyo shafti iliyonyooshwa boti ikiwa nchi kavu huweza kupinda kidogo baada ya kushushwa, na kila mzunguko ukawa tendo la kukunja na kukunjua. Ndiyo maana mafundi hukagua unyoofu wa shafti boti ikiwa imekwisha kuelea, kwa kupima nafasi kati ya sahani mbili zinazounganisha injini na shafti. Kwa sahani ya kipenyo cha milimita 100, tofauti inayokubalika pande zote haizidi milimita 0.1 hivi, sawa na unene wa karatasi.

Leo maji ya Kalemie yanatawaliwa na boti za mbao zenye injini zinazofungwa tezini, za wavuvi wa ndagala na za abiria, nazo zina jibu rahisi la tatizo hili. Ndani ya rafadha ya baadhi ya injini hizo huwekwa pini ndogo ya metali laini, na katika nyingine kitovu cha mpira, vyote vikikusudiwa kukatika au kuteleza pale rafadha inapogonga gogo au kunasa nyavu, ili shafti na gia zibaki salama. Anayechoka kununua pini na kuweka msumari au boliti ngumu mahali pake haondoi uvunjikaji, bali huuhamisha kutoka kwenye kipande cha bei ndogo hadi kwenye shafti ambayo huenda ikalazimika kungojewa kwa treni kutoka Lubumbashi au kwa meli kutoka Kigoma. Mwaka 1915 Kalemie ilikuwa miezi kadhaa kutoka kiwanda kilichoziunda boti zake, na umbali huo, ingawa umepungua, haujaisha. Kwa bandari ya namna hiyo, ubora wa mfumo wa mwendo hupimwa kwa swali la kwanza analopaswa kujiuliza fundi: ni kipande gani kimekusudiwa kuvunjika kwanza, na je, akiba yake imo ndani ya boti?