Uchovu Usiokwisha: Je, Unarithiwa?

Wako jamaa zetu wanaoamka asubuhi wamechoka kama waliolima usiku kucha. Wakifua nguo chache leo, kesho na keshokutwa hawainuki kitandani. Hali hiyo ikidumu miezi sita au zaidi, na vipimo vya upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI visionyeshe kitu, huenda ni ugonjwa wa uchovu sugu. Nyumbani tunauita uvivu, na hapo ndipo tunapowaumiza.

Baadhi ya wagonjwa hawa huwa pia na dalili kama za mzio: kuwashwa, tumbo kusokota, moyo kwenda mbio. Ndiyo maana watafiti wengine wamezitazama seli za masti, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878. Seli hizi hukaa kama walinzi katika ngozi, mapafu na utumbo. Zikishtuliwa hutoa histamini na kimeng'enya kiitwacho triptasi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza kuwa zipo familia zinazorithi nakala za ziada za jeni, yaani chembe ya urithi, inayotengeneza triptasi. Mzazi mmoja akiwa nazo, kila mtoto aweza kuzipata au kuzikosa, nusu kwa nusu. Wengine wenye nakala hizo huwashwa, huumwa tumbo au huona kizunguzungu wakisimama. Wengi hawaoni shida yoyote.

Je, hicho ndicho chanzo cha uchovu sugu? Tusikimbilie. Agosti 2025 utafiti wa DecodeME wa Uingereza ulitangaza matokeo ya wagonjwa 15,579 wenye asili ya Ulaya. Yalionekana maeneo 8 ya urithi yanayohusiana na ugonjwa huu, baadhi yakigusa kinga ya mwili na mengine mfumo wa fahamu. Huo si uvivu! Lakini hakuna hata moja lililo katika kromosomu ya 16, iliko jeni ya triptasi. Kweli, njia iliyotumika haikukusudiwa kuhesabu nakala za ziada, hivyo neno la mwisho bado. Ila anayekuuzia leo kipimo cha jeni kwa ahadi ya kukuonyesha chanzo cha uchovu wako anakula fedha yako bure.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mwenye kuwashwa amweleze daktari, kwani dawa za mzio zaweza kumpunguzia adha hiyo. Kazi za maji na kuni zigawanywe upya nyumbani, mgonjwa apumzike kabla hajaishiwa nguvu, na mama mkwe asimhesabie siku alizolala.