Mwenye chumba kimoja achague sindano, si sanduku

Mwalimu mmoja rafiki yangu, apangaye chumba katika ghorofa ya nne mtaani Huruma, alirithi santuri za marehemu baba yake. Alipokwenda kuzichukua kijijini alikuta pia redigramu ya mzee, ile samani kubwa ya mbao iliyokuwa fahari ya sebule za miaka ya 1960. Aliipima kwa macho, akazikumbuka ngazi za jumba lake ambazo hata godoro hupita kwa kukunjwa, akaiacha papo hapo.

Aijuaye Huruma hatamlaumu. Chumba cha futi kumi kwa kumi ndicho sebule, ndicho jiko, ndicho malalo, na pazia ndilo ukuta. Basi mwalimu akaenda mjini akanunua chombo kidogo cha mfano wa mkoba, chenye spika zake ndani kwa ndani. Bei ilikuwa nafuu, rangi ya kupendeza, na kikifungwa hukaa chini ya meza. Mimi mwenyewe nilimpongeza. Miezi michache baadaye, sahani ya benga aliyoipenda kuliko zote ikaanza kukwaruza pale pale mwimbaji apandishapo sauti. Alidhani ni vumbi, akaipangusa. Haikuwa vumbi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisa chenyewe ni hiki. Sauti ya santuri imeandikwa katika mitaro myembamba kuliko unywele, na sindano huipitia ikitikisika. Katika vyombo vingi vya mkoba, kichwa cha sindano ni cha seramiki, nacho hukandamiza sahani kwa uzito wa gramu tano au sita. Kichwa cha sumaku hutosheka na gramu mbili hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ncha ya sindano ni ndogo zaidi, na uzito wote huo huangukia hapo. Tena, spika zikiwa katika sanduku lile lile, mtikisiko wao huirudia sindano, na ukiongeza sauti chombo huanza kunguruma.

Mtu ataniuliza: ya nini taabu hii yote, ilhali nyimbo zimejaa katika simu? Swali ni halali, nami naliheshimu, maana mwenye kodi ya kulipa hana budi kuhesabu. Jibu langu ni kwamba si nyimbo zote zilizo humo. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa karakana kubwa ya muziki. Wanabenga walitoka kando ya Ziwa Victoria, wanamuziki wa rumba wakatoka Tanzania na Kongo, na bendi kama Les Wanyika na Orchestra Super Mazembe zikajipatia jina papa hapa. Sahani ndogo za mizunguko 45 zilitolewa kwa wingi, na nyingi hazikupata kuchapishwa tena. Mwalimu wa historia au wa Kiswahili aliye na sahani kama hiyo ana waraka mkononi. Akiuchakaza kwa sindano nzito, pengine hakuna mwingine wa kuusaka.

Basi achague nini? Jambo la kwanza ni kuutazama mkono wa chombo. Ukiona nyuma yake kijiwe cha chuma kizungushwacho ili kuongeza au kupunguza uzito, na kichwa cha sumaku ambacho sindano yake yaweza kubadilishwa, endelea kuuliza bei. Ukikosa hayo, aga kwa adabu.

Chombo kuukuu cha namna hii mara nyingi ni bora kuliko kipya cha bei iyo hiyo. Wachuuzi wapo, kibanda cha James Rugami katika Kenyatta Market kimejulikana kwa miaka mingi kwa wapenda santuri. Lakini soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Chombo cha Marekani hutaka volti 120 na mizunguko 60. Transfoma itarekebisha volti, haitarekebisha mizunguko. Ikiwa mota yake hufuata mwendo wa umeme, kama zilivyo nyingi za zamani, sahani ya 45 itazunguka mara 37 na nusu tu, na mwanamke mwenye sauti nyororo atakuimbia kama mzee aliyeamshwa usingizini. Mkanda wa mpira uliolegea usikutishe. Hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Kisha kuna suala la kuunganisha. Sauti itokayo katika kichwa cha sumaku ni hafifu mno, nayo yahitaji kikuzaji kabla ya kuingia redioni. Vyombo vingine vinacho ndani; redio kubwa za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO. Uliza. Mwenye jirani ukuta kwa ukuta, yaani sisi sote, ahakikishe pia kwamba pana pa kuchomeka vipokea-sauti vya masikioni.

Na mahali? Chombo kamili hutaka nafasi ya sentimita 45 kwa 35 hivi, sawa na sinia kubwa. Rafu iliyopigiliwa ukutani yafaa kuliko meza inayoyumba kila mtoto apitapo, mradi iwe mbali na jiko, kwani moshi wa mafuta ya taa na mvuke wa sufuria hugandia mitaro. Sahani zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine. Jua huzipinda, ingawa katika vyumba vyetu vya Huruma, vinavyotazamana na ukuta wa jumba jingine, hatari hiyo haipo. Hata giza letu lina faida yake.

Mwalimu alidunduiliza mihula miwili, akapata chombo kuukuu chenye kijiwe nyuma ya mkono. Nyimbo nyingi za wakati ule ziligawanywa pande mbili za sahani, hivyo kila baada ya dakika chache huna budi kuinuka kugeuza. Chumbani mwake hahitaji hata kuinuka, anyoosha mkono tu kutoka kitandani. Ile sahani ya benga bado yakwaruza, na itakwaruza daima. Chini ya sanduku mna sahani nne nzito za mizunguko 78, ambazo mitaro yake ni mipana na hutaka sindano nene zaidi. Hajazicheza. Amezisimamisha kando ya kabati, na anaendelea kuulizia sindano yake kila aendapo mjini.