Kitenzi -jaa na Jirani Zake: Namna ya Kueleza Mahali Palipotawaliwa na Waharibifu

Kiswahili hakina kivumishi kimoja mahususi cha kueleza mahali palipotawaliwa na wadudu au wanyama waharibifu. Mfasiri atafutaye neno moja aghalabu hukimbilia kitenzi -jaa. Makala haya yanadai kuwa kazi hiyo imegawanyika baina ya vitenzi kadhaa, vikiwemo -jaa, -vamiwa na -bunguliwa, na kwamba kuvichanganya ni kupoteza taarifa.

Hebu tuchunguze sentensi zifuatazo:

(1) Ghala limejaa panya.
(2) Panya wamejaa ghalani.
(3) Ghalani mmejaa panya.

Katika (1) kiima ni ghala. Katika (2) ni panya. Katika (3) ni kirai cha mahali, na kiambishi m- chaonyesha undani. Katika (1) na (3) nomino panya hufuata kitenzi bila na, wala haiwezi kugeuzwa kiima kwa kauli ya kutendwa. Kwa hiyo si yambwa ya kawaida. Kimaana, (1) yadokeza kuwa panya wameenea ghala zima, ilhali (2) yatilia mkazo wingi wao, hata wakiwa pembe moja. Aidha, -me- hueleza hali iliyokwisha kufikiwa. Linajaa panya hueleza mchakato ungali ukiendelea.

Kitenzi -vamiwa humtambulisha mtenda kwa na, nacho hubeba dhana ya ujio kutoka nje. Nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa 2019, ilifaa kusema maeneo yamevamiwa. Kwa mchwa waliozaliana chini ya nyumba miaka mingi, neno hilo halikai vizuri.

Kiima cha -bunguliwa si mahali, bali kitu kilichotobolewa: mahindi, maharage, mbao. Mahindi yaliyobunguliwa na dumuzi yaweza kuwa hayana mdudu hata mmoja. Wameondoka, matundu yamebaki.

Tofauti hizi si za darasani tu. Tangazo la bwana shamba lisemalo mahindi yamebunguliwa laarifu hasara. Lisemalo ghala limejaa dumuzi laarifu hatari iliyopo. Lisemalo limevamiwa lamtaka mkulima atafute mlango walikopitia. Kamusi itoayo -jaa peke yake kuwa kisawe humnyima msomaji uamuzi huo. Yafaa basi kila kidahizo kionyeshe kiima kinachokubalika, matumizi ya na, na sentensi moja ya mfano.